Mguu Wangu na Fanta za Wageni

Wateja wangu wakija kupimwa nguo huangalia chini, halafu hujifanya hawakuangalia. Mguu wangu wa kulia una vidole vinne. Wachache wenye mdomo huniuliza waziwazi, "Mama Neema, kidole kilienda wapi?" Huwajibu kwamba kilikatwa, na kwamba nikianza kuwasimulia nguo yao haitakuwa tayari Jumapili. Sasa msimu wa harusi umepita, cherehani imepumzika kidogo, na nimeona niandike. Simwandikii daktari, yeye anajua yake. Namwandikia mtu aliyetoka kuambiwa jana kwamba ana sukari, akarudi nyumbani, akakuta wageni wanamsubiri na chupa mkononi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bwiza, mtaa wa Bujumbura. Nilizaliwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, nikaolewa na Dezire, mwalimu wa shule ya msingi, Mrundi wa Kanyosha. Ninashona kwa cherehani ya kukanyaga kwa sababu umeme wetu huondoka bila kuaga. Yaani riziki yangu iko kwenye miguu kabla haijafika mikononi. Shika hilo, kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi baadaye.

Ugonjwa ulianza wakati wa kiangazi, ule mwezi ambao vumbi la barabarani huingia hadi kwenye sufuria. Nilikuwa na kiu. Kila mtu alikuwa na kiu, kwa hiyo sikushtuka. Lakini mimi nilikunywa dumu la maji nikaenda chooni, nikarudi nikanywa tena, hadi wapangaji wenzangu wakaanza kunitania kwamba nimekodi choo peke yangu. Halafu nikakonda. Mwanzoni nilifurahi, nikabana sketi zangu mwenyewe. Mara ya tatu kuzibana sikufurahi tena. Macho yakaanza kuona ukungu, uzi ukakataa kuingia kwenye sindano, na mtaani watu wakaanza kuninong'ona. Mwanamke akikonda kwetu, watu wanajua ugonjwa mmoja tu. Rafiki yangu mmoja alikuja kunishauri kwa upole nikapime "ile damu", na nilipopima nikakuta sina, alionekana kama nimemwangusha.

Nilitibiwa malaria mara kadhaa. Sisemi kwamba waganga, yaani madaktari wetu, ni wabaya. Foleni ni ndefu, mtu akisema anachoka na kichwa kinamzunguka, dawa ya malaria iko karibu na mkono. Siku niliyoanguka juu ya kitambaa cha mteja ndipo Dezire akanipeleka kwenye kituo kingine, na muuguzi akanitoboa kidole. Kimashine chake kidogo hakikuonyesha namba. Kiliandika tu neno la kusema kwamba imepita kiasi.

"Mama, iko sukari," akasema. "Kwenu kuko mutu mwenye sukari?"

"Kwetu kuko bashonaji tu," nikamjibu. Nilidhani ananiuliza kama kwetu kuna muuza sukari. Dezire alicheka, halafu akalia, na mimi ndipo nikajua kwamba jambo ni kubwa.

Kliniki ya sukari ilikuwa siku moja kwa wiki. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao chini ya paa la bati, tumbo tupu, kwa sababu ilibidi upimwe kabla ya kula. Kundi zima la watu wenye njaa, na nje ya geti mama anakaanga mandazi. Mimi humo ndani nilijifunza zaidi ya nilivyojifunza kwa daktari. Nilijifunza kwamba sindano ya insulini ya tumboni haiumi kama ya mkononi. Nilijifunza kuzika kichupa cha insulini ndani ya chungu chenye mchanga wenye maji, kwa sababu friji bila umeme ni kabati tu. Nilijifunza pia kwamba kuna wiki unafika, unaambiwa insulini haipo, mafuta ya gari hakuna, mzigo umekwama, rudi Alhamisi. Wiki moja kama hiyo mama mmoja wa benchi letu, ambaye hatukuwa hata tumeulizana majina vizuri, alitoa kwenye begi lake kichupa ambacho hakijafunguliwa akaniwekea mkononi. Yeye alikuwa na kingine. Alisema nitamrudishia kikipatikana, akageuka kuendelea na mazungumzo yake kuhusu bei ya mchele. Nilimrudishia, lakini neno la kumshukuru mpaka leo sijalipata.

Kwetu watoto wadogo hutibiwa bure, na mama anayejifungua pia. Ni jambo jema, na Neema wangu alizaliwa hivyo. Mwenye sukari hajulikani aende wapi. Ugonjwa wake hauambukizi, hauui kwa wiki moja, hauna kelele. Nasema hili bila hasira nyingi. Kidogo ipo.

Sasa nifike Kanyosha, kwa mama mkwe wangu, Mama Konsolata.

Wasio wa hapa lazima niwaeleze. Ukifika nyumbani kwa mtu Bujumbura, unapewa kitu cha kunywa. Bia, au fanta, na kwetu kila soda ni fanta, hata kama ni nyeusi. Chupa hufunguliwa mbele yako, na kama ni pombe ya mtungi mwenyeji huonja kwanza, ili uone kwamba hakuna kitu ndani. Ukikataa, hujakataa kinywaji. Umesema kwamba mwenye nyumba hii ni *murozi*, mtu wa kutilia wenzake sumu. Familia zimeacha kuzikana kwa chupa iliyorudishwa mezani.

Mama Konsolata hakunipenda sana tangu mwanzo. Alitaka mkazana, yaani mke wa mwanawe, wa kilimani kwao, si mwanamke wa Uvira mwenye ulimi. Tulikuwa tumefika mahali pa kuheshimiana kwa mbali. Na wiki mbili baada ya kuanza sindano, tukaenda kumsalimia. Akafungua fanta ya machungwa mbele yangu. Nikasema, kwa adabu zangu zote, "Apana mama, asante, leo sinywi."

Shemeji zangu waliweka glasi zao chini. Mama mkwe aliishika ile chupa muda mrefu.

"Mbega, unaogopa nini mu nyumba yangu?" akauliza, na hiyo "mbega" ni Kirundi cha kuanzia swali.

"Siogopi kitu, mama. Ni ugonjwa, muganga amenikataza."

"Muganga amekukataza fanta?" Akawaangalia watoto wake. "Mi nimezaa banane, nimezika batatu, sijasikia muganga anakataza mugonjwa fanta. Fanta njo banapelekeaka mugonjwa."

Na hapo alikuwa na haki yake. Kwetu mgonjwa hupelekewa fanta. Mgonjwa hana nguvu, fanta ina sukari, sukari ni nguvu. Kila mtu anajua hivyo, na mimi mwenyewe nimewapelekea wagonjwa chupa ngapi sijui.

Tulitembea mpaka tukapita daraja. Kisha Dezire akaniambia, "Siku ingine kunywa kidogo tu. Kidogo haiuwi mutu. Mama amelia."

Basi nikanywa. Nilikunywa Kanyosha kila tulipokwenda. Nikanywa kwenye kutoa mahari ya shemeji yangu mdogo, glasi kwa glasi, dada zake wakihesabu kwa macho. Nikanywa kwa majirani, kwa sababu habari ilishafika Bwiza kwamba Mkongomani yule anamwogopa mama mkwe wake. Kila nilipomeza nilikuwa natoa ushahidi kwamba sina ubaya na mtu. Kule kliniki sukari yangu ilikuwa juu, na daktari, mama mmoja mrefu asiyetabasamu ovyo, aliongeza insulini, kisha akaongeza tena. Aliniuliza kama ninakula vizuri. Nilisema ndiyo. Alikuwa ameuliza chakula.

Mvua zilipoanza, kaa la moto likaanguka.

Natumia pasi ya mkaa. Nilikuwa nanyoosha suti ya bwana harusi, nimevua kandambili, na kaa moja likatoka kwenye kitundu cha pasi. Nilisikia harufu. Nikafikiri nimeunguza suti, nikaigeuza huku na huku, nzima. Harufu ikazidi. Nilipoangalia chini, kaa lilikuwa limekaa juu ya kidole changu kidogo cha mguu, limetulia, limekuwa na majivu juu yake. Maumivu hayakuja. Nikalitoa kwa mkasi nikasubiri maumivu, hayakuja. Niliogopa pale kuliko siku niliyoambiwa nina ugonjwa. Kwa muda mrefu kabla ya hapo miguu ilikuwa na ganzi, nikasema ni kukanyaga cherehani sana.

Sitaeleza kidonda siku kwa siku. Kilianza kama malengelenge, kikawa shimo, kikapata harufu. Nilikuwa naenda kufungwa bendeji kila baada ya siku moja, nikitembea kwa sababu mabasi hayakuwa na mafuta, mguu umefungwa mfuko wa plastiki usilowe. Muuguzi wa vidonda aliitwa Fideli, kijana mwenye mikono myepesi, aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akinisafisha. Akiacha kuimba nilikuwa najua ameona kitu. Siku moja aliacha kuimba, akamwita daktari, na kile kidole kikakatwa wiki ile ile.

Baada ya kukatwa, wageni wakaja.

Nawapenda watu wangu, nataka hilo lieleweke. Walikuja kutoka kanisani, kutoka kwa wateja, kutoka shuleni kwa Dezire, walimu watano kwa pamoja wamekaa kitandani kwangu maana viti viliisha. Kila mmoja na fanta zake. Wengine walileta juisi ya maracuja, yaani pasheni, ya kutengeneza nyumbani, nzito kama asali. Walifungua, wakanimiminia, wakasubiri ninywe. Mwanamke ambaye tayari anasemwa kwamba anawashuku watu kwa sumu, aliyelala kitandani, atakataa vipi? Nilikunywa. Waliondoka wamefurahi, wakisema Mama Neema anaendelea vizuri.

Kidonda hakikufunga. Mwanzo wa mwaka, mvua bado inanyesha kila jioni, daktari alikaa kwenye kiti mbele yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

"Nitakwambia wazi," alisema. "Damu yako iko kama sirop, tamu na nzito. Kidonda hakiwezi kupona ndani ya damu hii. Tukifika mwisho wa mwezi iko vilevile, tutakata hapa." Akaweka ukingo wa kiganja juu ya kifundo cha mguu wangu.

Nikamwambia, "Mimi ninakanyaga cherehani."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana ninakwambia leo."

Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya cherehani bila kushona. Nilijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Gurudumu lilizunguka kidogo, likarudi nyuma, uzi ukakatika. Nikajaribu tena, ukakatika tena. Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia Dezire na "kidogo" yake, nikawakasirikia walimu wenzake, nikamkasirikia zaidi yule mama mkwe. Dezire alipofika nilimtupia maneno ambayo sitayaandika. Alisimama mlangoni na daftari za wanafunzi mkononi, akasikiliza yote. Kesho yake hakuenda kazini. Alikwenda Kanyosha. Sikumtuma.

Mama Konsolata alifika siku hiyohiyo mchana, juu ya pikipiki, na kreti ya fanta amepakata mapajani. Najua unavyofikiri. Mimi pia nilifikiri hivyo. Kumbe Dezire alikuwa amemwambia tu kwamba niko katika hali mbaya, neno la fanta hakuweza kulitamka mbele ya mama yake, na mama akafanya kile ambacho mtu hufanya mgonjwa akizidiwa. Akaleta kreti nzima.

Akafungua moja. Akaonja, ingawa soda haionjwi, akaiweka karibu yangu. Alikuwa amekuja kupatana nami, sasa naliona. Wakati ule niliona chupa tu.

Sikusema apana. Nilifunua kitenge kutoka mguuni. Mbele ya mama mkwe mtu hujifunika, na mimi tangu kidonda kianze sikuwahi kumwonyesha hata bendeji. Nikafungua na bendeji yenyewe, mpaka akaona shimo, na mahali palipokuwa na kidole.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema. Akaweka mkono mdomoni. Baadaye akauliza polepole, "Ni fanta njo inafanya hivi?"

"Njo hiyo, mama. Fanta, na juisi, na vile vyote. Sukari iko mu damu, kidonda kinakataa kupona. Mwisho wa mwezi banakata mguu."

"Na we unakunywaka kwangu."

"Minakunywaka."

"Kwa nini?"

"Sababu ulilia."

Nje watoto walikuwa wanapigana kwa ajili ya mpira, na yeye akasikiliza kana kwamba kesi ile ni yake. Halafu akaniuliza kwa nini sikumweleza. Nikasema nilimweleza, siku ya kwanza kabisa. Akatikisa kichwa.

"Oya, apana. Ulisema muganga amekukataza. Muganga ni nani kwangu? Hukusema mguu. Ungesema mguu, Mama Neema!"

Hakuomba msamaha. Wala mimi. Alivua viatu, akanawa mikono, akaniuliza bendeji safi iko wapi. Usiku ule alilala kwetu, na akakaa hadi mvua za masika zilipokaribia kwisha.

Na sasa sikiliza jinsi alivyofanya, kwa sababu ndilo fundisho lenyewe, kama unatafuta fundisho. Mkazana hawezi kukataa kinywaji cha mtu. Lakini mama mkwe anaweza kumkatalia. Akisema yeye, hakuna aliyeshukiwa. Ni mzee amepanga mambo ya nyumba yake. Alichukua kiti akakiweka mlangoni. Mgeni akifika na chupa, yeye ndiye aliyeipokea, kwa mikono miwili, akashukuru, akaonja, akasifu, kisha akasema, "Huyu mukazana wangu mi nimemukataza fanta. Ni mi. Mwenye kuleta tena alete mayai." Hakuna aliyekasirika. Mwenyekiti wa kwaya alirudi na mayai. Walimu walileta kuku, mzima, akatusumbua nyumba nzima mpaka Jumapili.

Zile fanta za kreti alizinywa yeye mwenyewe, moja moja, hapo kitini. Niliingiwa na hofu nikamwambia lazima naye apimwe. Akaja kliniki nami, akakaa benchini na njaa kama sisi, akatoa kidole kwa Fideli akiwa amefumba macho. Sukari yake ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote pale, pamoja na waganga. Alijisifu wiki nzima.

Namba zangu zikashuka. Hazikushuka kwa heshima, zilipanda na kushuka kama bei sokoni, lakini zikashuka. Mwisho wa mwezi tulikwenda, Dezire upande mmoja, mama upande mwingine. Daktari aliinama akaangalia mguu muda mrefu. Akabonyeza pembeni, akanusa, akaangalia tena. Alisema tu, "Tungoje wiki mbili." Wiki mbili zikaisha, akasema wiki mbili nyingine. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko zile wiki mbili mbili. Fideli akaanza tena kuimba.

Wewe uliyeambiwa jana, usiende peke yako kupambana na chupa. Tafuta mtu ambaye neno lake halina ubaya nyumbani kwenu, mkwe, shangazi, pasta, mwenye nyumba, mtu ambaye akisema hapana hakuna anayeumia. Mpeleke kliniki akasikie kwa masikio yake. Na umwonyeshe mwili wako, hata kama una aibu. Mimi aibu ile ilinigharimu kidole. Kuhusu dawa kukosekana na mafuta kukosekana, siwezi kukudanganya, hayo bado yapo, na nikikutana na mkubwa yeyote kwenye foleni ya nguo nitamwambia huku nimeshika sindano.

Kidonda kilifunga mwanzoni mwa kiangazi, karibu mwaka mzima tangu kiu. Fideli alitoa bendeji, akaosha, akaangalia, akaosha tena bila haja. Kisha akaanza kupanga vifaa vyake.

"Hufungi?" nikamwuliza.

"Leo sifungi. Simama, mama."

Sakafu ya chumba kile ni saruji, ilikuwa imetoka kupigwa deki. Nikashuka kitandani nikaweka mguu chini, ngozi mpya, bila kitu kati yake na sakafu. Nikasubiri. Sikuhisi chochote. Daktari alikuwa amenionya kwamba ganzi haitatoka, kwamba kuanzia sasa nitauangalia mguu huu kwa macho kila jioni kama mtoto wa mtu mwingine niliyeachiwa.

Mama Konsolata alikuwa amesimama kando yangu, kandambili zake ameziacha mlangoni kwa kuheshimu sakafu ya watu.

"Mama," nikamwuliza, "ni baridi?"

Alitazama miguu yake, akatazama yangu.

"Ni baridi sana, mwanangu," akasema. "Ni baridi sana."

Nikabaki nimesimama pale, kwa miguu miwili.